Tulivyojiandaa Kumwinda Pongo

Fundi wa viatu anayekaa chini ya mwavuli karibu na nyumba ninayopanga hapa mtaa wa Free Area, Nakuru, ana donge la nta ya nyuki ambalo limekuwa jeusi kwa kushikwashikwa. Kabla ya kushona soli, huuvuta uzi wake juu ya lile donge, na siku za jua kali nta hulainika ikatoa harufu. Juzi nilimpelekea kiatu kilichofunguka mdomo. Nikakaa kwenye kistuli chake, mguu mmoja mtupu, na harufu ile iliponifikia sikusikia tena honi za barabarani wala redio ya kinyozi wa jirani. Nilikuwa nyumbani juu ya Olenguruone, jikoni, na baba alikuwa upande wa pili wa moto akiipaka nta kamba ya upinde.

"Mathe, uko sawa?" fundi akaniuliza.

Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni. Hapakuwa na moshi. Akainamia kiatu changu kwa heshima, akaendelea kushona.

Basi niwaeleze ninyi, kwa kuwa yeye sikumweleza.

Mama alikufa mwaka huo, wakati wa mvua nyingi. Alikuwa ameteremshwa Nakuru hospitali kwa pikapu ya jirani, amefunikwa blanketi mbili, na siku aliyorudi hakuhitaji blanketi. Kwa muda nyumba yetu ilijaa watu. Walilala mpaka ghalani. Wanawake walipika kwa masufuria ambayo sikujua yalitoka wapi, wanaume wakapasua kuni za kutosha mwaka mzima. Kisha watu wakaisha, kama wanavyoisha watu wa matanga, kila mmoja akikumbuka kwamba ana ng'ombe wake wa kukama. Tukabaki mimi na baba. Mungu alikuwa amewapa wazazi wangu mtoto mmoja tu, jambo lililowasikitisha majirani kuliko lilivyowasikitisha wao wenyewe.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Mama ndiye aliyekuwa akisema, naye baba akijibu "mm". Mama alizijua "mm" zake zote kama mchungaji anavyojua kondoo wake: kuna iliyokubali, kuna iliyokataa, kuna iliyosema chumvi imezidi. Mimi sikuwa nimejifunza kuzitofautisha. Kwa hiyo mama alipoondoka, tulikula tukitazama moto. Nikimaliza, naosha sahani. Akimaliza, anatoka kuangalia kama zizi limefungwa, ingawa alikuwa amelifunga mwenyewe. Kule kwetu baridi ya jioni huteremka kutoka msituni pamoja na ukungu, ukapita kwenye nyufa za mbao, na nyumba ya watu wawili haipati joto upesi. Habari zangu za shule nilimsimulia ng'ombe wetu Chelel wakati wa kukama. Alikuwa msikilizaji mzuri, ila alipenda kuniondokea katikati ya hadithi.

Hivyo mtaelewa nilivyoshtuka jioni moja baba alipoweka kikombe chini na kusema, "Pongo wamemaliza minji."

Pongo ni yule swala wa msituni, mwekundu mwenye madoa meupe, anayebweka kama mbwa akistuka. Shamba letu lilipakana na msitu wa Mau, na alfajiri tulikuwa tukikuta nyayo zake ndogo kati ya mistari ya minji, zile njegere alizozipanda mama, mashina yamekatwa vizuri kama kwa mkasi.

"Shule zikifungwa tutaingia msituni," baba akaendelea.

Nikauliza ni nani na nani.

"Mimi na wewe."

Akapanda juu ya kiti, akaingiza mkono darini, akateremsha gunia lililojaa masizi. Ndani mlikuwa na upinde wa babu, mishale iliyofungwa pamoja kwa kamba ya mkonge, na mfuko wa ngozi uliokauka ukawa mgumu kama ubao. Baba alikuwa ameingia msituni na babu tangu ujana wake. Lakini mimi sikuwahi kuona vile vitu, na sikuwahi kumwona baba akishika kitu kwa mikono ya namna ile, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani ambebe kidogo.

Dada yake, ambaye sisi twamwita senge, alipopata habari alikuja mbio, viatu vimejaa matope. Alimkuta baba akinoa kisu mlangoni.

"Msichana haendi kuwinda," Senge alisema. "Na siku hizi hata mwanaume haendi. Serikali imekataza. Ukishikwa na askari wa msitu utalala ndani, na huyu mtoto atakaa na nani?"

"Ni pongo mmoja tu," baba alisema.

"Mmoja ndiye anayefunga mtu. Hakuna anayefungwa kwa sababu ya wale ambao hakuua."

Baba akajaribu makali ya kisu kwa ukucha wa kidole gumba. "Tutaenda," akasema, na Senge, aliyemjua tangu utoto wao, akaona afadhali aende jikoni akasonge ugali.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Swali lake lilinibaki tumboni. Nilikuwa nimeshaona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuteremshwa Nakuru kwa gari asirudi akitembea. Nikafikiri, wakimchukua na huyu, basi nimebaki na Chelel.

Hata hivyo sikutaka tusiende. Msinicheke. Maandalizi yalikuwa yameshaanza, na maandalizi yalikuwa na maneno ndani yake.

Kwa sababu ili kumfundisha mtu kazi lazima useme. Baba alilazimika kuniambia kwamba kamba ya upinde imesokotwa kwa kano za mgongo wa ng'ombe, na kwamba isipopakwa nta inanywa ukungu ikalegea. Aliniambia nishike mshale juu ya makaa, niuzungushe taratibu, na pale ulipopinda niunyooshe kwa meno. Mishale ilikuwa na ladha ya moshi na majivu. Manyoya ya nyuma yalikuwa yameliwa na wadudu, kwa hiyo tulimkimbiza jogoo wetu mweusi kuzunguka choo mpaka akasalimu amri, na kwa wiki nzima alitembea huku amegeuzia ukuta upande aliopungukiwa. Ule mfuko wa ngozi tuliupaka mafuta ya kondoo kila jioni, baba upande wake, mimi upande wangu, mpaka ukaanza kukunjika bila kulia.

Na alikuwa na misemo, ambayo nadhani ilikuwa ya babu. "Kitu usichojua kiko wapi ndani ya mfuko, huna." Au, "Mwindaji hubeba njaa, chakula hukikuta mbele." Huo wa pili ulinitia wasiwasi kidogo, lakini nilipoona amekaanga mahindi na kuyasaga unga, nikajua haamini kila asemalo babu.

Nililenga shabaha nyuma ya nyumba, kwenye gunia tulilolijaza maganda ya mahindi. Mshale wangu wa kwanza ulianguka miguuni mwangu. Baadaye niliweza kuufikisha mbali zaidi, na mmoja ulikwenda moja kwa moja ukatoboa mtungi wa plastiki ambao Senge alikuwa ametuachia. Maji yakatoka kama mkojo wa mbuzi. Baba aliutazama mtungi, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona mashavu yake yakisogea. "Mm," akasema. Hiyo niliijua. Nilikwenda kulala nikiwa nayo.

Kisha kulikuwa na suala la nguo. Sweta langu lilikuwa la shule, jekundu, na baba alisema pongo angeniona nikiwa bado nyumbani. Akaingia chumbani kwake akakawia. Aliporudi alikuwa na sweta la mama, lile la rangi ya kahawia lenye vifungo vikubwa. Siku wanawake walipogawana nguo za mama, nilikuwa nimelitafuta nikafikiri mmoja wao ameondoka nalo. Kumbe baba alikuwa amelificha chini ya godoro. Alinivisha, akakunja mikono ya sweta mara nyingi mpaka vidole vyangu vikatokea. Lilikuwa bado lina harufu ya maziwa na moshi, na kidogo ya yale mafuta ambayo mama alijipaka Jumapili. Baba alivifunga vile vifungo kimoja kimoja. Halafu baba akasema, "Hili halionekani msituni," akatoka.

Kila jioni tulipanga vitu juu ya kitanda chao, upande wa mama, uliokuwa umetandikwa tangu alipoondoka. Kisu, kamba, kiberiti ndani ya karatasi ya nailoni, chumvi, unga wa mahindi, chupa ya maziwa, blanketi. Baba ananiambia nifumbe macho, anataja kitu, nami nakitafuta mfukoni kwa mkono. Tukimaliza anafunga mfuko. Kesho yake anaufungua, anasema kamba ingekaa vizuri zaidi chini, na tunaanza upya.

Maana siku yenyewe haikufika. Shule zilifungwa, nikarudi na ripoti yangu, nikiwa tayari. Baba akatazama mbingu akasema kuna mwezi, pongo watakuwa wamekula usiku, watalala mchana. Mwezi ukaisha, kukanyesha mvua ambayo si ya Desemba, akasema majani yamelowa, hatutasikia nyayo. Yakakauka, akasema sasa yanapiga kelele. Halafu Chelel akakaribia kuzaa. Nikaanza kuona kwamba katika msitu wa Mau hakuna siku iliyoumbwa kwa ajili ya kuwinda. Senge alipopita na kukuta mfuko umefungwa tena, alitabasamu. Alidhani maneno yake yamemwingia kaka yake. Nami nilidhani hivyo hivyo, na sikujua kama nafurahi.

Asubuhi moja baba aliniamsha gizani. "Vaa," akasema.

Tulitoka kupitia shamba la minji. Umande ulikuwa baridi mpaka miguu ikafa ganzi. Mbwa wetu tulimfunga, akalia mpaka tukavuka ua. Kabla ya kuingia kwenye miti baba alinikumbusha sheria. Msituni hatusemi. Nikihitaji kusimama, nivute shati lake. Nikimwona mnyama, nimguse yeye goti, na nisinyanyue kidole kuelekeza. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa upande wa kunyamaza, nyumba yetu ilikuwa imeshatupa mafunzo ya kutosha.

Wale wasioujua ule msitu, niwaambie kwamba mwanga hauingii mara moja. Unaanza juu kabisa, kwenye vichwa vya mitarakwa, na wewe huku chini unabaki kama ndani ya maji ya kijani kwa muda mrefu. Palinuka majani yaliyooza na maganda ya mianzi. Mbega walikuwa wakinguruma mbali. Tulitembea nikikanyaga alipokanyaga, mpaka tukafika mahali ambapo kijito kilipita chini ya mti mkubwa ulioanguka. Ng'ambo palikuwa na uwazi mdogo wenye nyasi. Tulikaa nyuma ya shina, migongo imeegemea, upinde juu ya magoti ya baba, mshale mkononi. Ukungu ulipita kati ya miti kama watu wanaotoka kanisani, polepole.

Tulikaa. Nilihesabu mianzi, nikachoka. Nilifikiri juu ya askari wa msitu, nikafikiri juu ya unga wa mahindi.

Ndipo baba akaanza kusema.

Mwanzoni sikuamini ni yeye. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayezungumza na mikono yake. "Mama yako nilimwonea hapa," alisema.

Niligeuza kichwa. Alikuwa akitazama ng'ambo ya kijito.

"Mimi na babu yako tulikuwa tumefuata pongo tangu alfajiri. Mkubwa, dume. Tukamfikia pale. Babu ameshavuta kamba. Mara tukasikia mtu anaimba wimbo wa kanisa, kwa sauti ya juu. Msichana amekuja kukata mianzi, peke yake, anaimba kwa sababu anaogopa. Pongo akatoweka. Babu yako alikasirika siku nzima. Mimi nilikasirika kidogo tu."

Nilidhani amemaliza. Kisha akaniambia kwamba Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kwao, yeye ambaye hakuwa mtu wa kanisa, akakaa upande wa wanawake kwa kutojua, na hakuna aliyemwondoa kwa sababu walikuwa wanacheka sana. Akaniambia mama alikuwa akimkataza kuvaa kofia ndani ya nyumba. Akaniambia walivyoningoja miaka, na siku niliyozaliwa mama alimwambia, mtoto mmoja mwenye kelele anatosha. Maneno yalitoka bila haraka, moja likingoja lingine, kama ng'ombe wanaopita langoni. Sikuwahi kumsikia baba akisema hivyo, na nilikaa kimya kabisa, nikiogopa nikisogea atakumbuka kwamba niko.

"Hospitali," alisema, "ile jioni ya mwisho, aliniambia, leo sema wewe, mimi nimechoka. Nikatafuta la kusema. Miaka yote hiyo na yeye, nikakosa. Nikamwambia viazi vimeota. Nikamwambia ile kona ya juu imeota vizuri kuliko ya chini. Akafumba macho. Akasema, endelea."

Hapo ndipo nilipomwona pongo.

Alikuwa ametoka kwenye mianzi bila kupita popote. Hapakuwa na mnyama, kisha pakawa na mnyama. Jike, mwekundu, madoa yake kama mtu amemnyunyizia unga. Aliinamisha kichwa akanywa, maji yakadondoka kutoka midomoni. Alikuwa karibu kiasi kwamba hata mimi, mtoboa mitungi, huenda ningempata.

Goti la baba lilikuwa kando ya mkono wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kukigusa tu kitambaa cha suruali. Nilijua kila kitu kingefuata: kamba, mshale, kisu, chumvi, na hata askari pengine. Niliogopa, ndiyo. Lakini si woga ulioushika mkono wangu. Nilijua kwamba nikimgusa, atanyamaza.

"Nikaendelea," baba alisema. "Nikamwambia Chelel atazaa mwisho wa mwaka. Nikamwambia wewe umekuwa wa tatu darasani. Nikamwambia mpaka ua unaotakiwa kutengenezwa. Sijui alisikia mpaka wapi."

Pongo aliinua kichwa. Alitutazama, au alitazama sauti. Masikio yake makubwa yalitugeukia yakatulia. Kisha akageuka akaingia kwenye mianzi, bila kukimbia, na majani yakajifunga nyuma yake.

Baba hakusema tena. Baada ya muda alifungua mfuko, tukala unga wa mahindi kwa viganja na kupokezana chupa ya maziwa. Mwanga wa jua ulipofika chini ya miti, alifungua kamba ya upinde. "Leo hakuna kitu," alisema. Nikaitikia, "Mm."

Tulirudi nyumbani. Upinde ukarudi darini. Niliamini kwamba sasa nyumba itabadilika, kwamba tutakaa jikoni na baba ataendelea pale alipoachia. Haikuwa hivyo. Tulikula tukitazama moto kama jana. Januari nilipelekwa shule ya bweni, na sanduku langu nililipanga mwenyewe huku nimefumba macho, mwalimu wa zamu akidhani nasali. Usiku wa bweni una watu wengi sana, na sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa mle.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwa nini siku ile iliahirishwa mara kwa mara. Niliwahi kudhani ni mwezi, nikadhani ni Senge. Nilielewa baada ya mimi mwenyewe kuachwa na mtu niliyeishi naye, nilipojikuta napanga na kupangua kabati la vyombo jioni baada ya jioni, nikingoja nipate nguvu ya kumpigia dada mmoja wa kazini simu tu. Baba alikuwa na jambo la kuniambia na hakuwa na mahali pa kulisemea. Ndani ya nyumba lisingetoka, kwa sababu ndani ya nyumba msemaji alikuwa mama. Kwa hiyo alitengeneza safari, na safari inahitaji mizigo, na mizigo inahitaji mikono miwili ya ziada. Minji ilikuwa imeshaliwa hata kabla hatujaanza kupaka nta.

Desemba iliyopita nilipanda Olenguruone kumwona. Anaishi peke yake, ng'ombe wawili, kofia kichwani hata ndani ya nyumba. Tulikuwa jikoni tukimenya viazi, na sijui ni nini kilichonisukuma.

"Baba," nilisema, "ile siku tulipoingia msituni, pongo alikuja."

Aliendelea kumenya. Ganda lilikuwa refu, halijakatika.

"Nilimwona," akasema.

Nilibaki na kisu hewani. "Ulimwona? Na ulikuwa na upinde mkononi. Mbona hukupiga?"

Aliweka kiazi ndani ya maji, akachukua kingine, akakigeuza kutafuta pa kuanzia.

"Ulikuwa unanisikiliza," akasema.